Saruji si dawa ya kaburi la kale

Swali: Uwanja wa kanisa letu la parokia una makaburi ya kale ya mawe ya chokaa, chini ya miti mikubwa. Viungo vimeachia na mawe yameota ukoga. Fundi anashauri tuzibe kwa saruji, tusugue kwa klorini na tukate mti ulio karibu. Tumsikilize?

Jibu: Msimsikilize. Mti ukikatwa, mizizi itaoza taratibu na kuacha mapengo ardhini, na kaburi linaweza kutitia. Mtaalamu wa miti aukague kwanza. Huenda kupunguza matawi makavu kukatosha.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo saruji. Karibu kila uwanja wa kanisa ninaoitwa naikuta, kwa sababu watu wanaamini kilicho kigumu ndicho bora. Saruji ya Portland, yaani hii saruji ya kawaida ya leo, ilipata hataza mwaka 1824. Makaburi ya kabla ya hapo, na mengi ya baadaye, mawe yake yaliungwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu. Maji ya mvua yanayoingia hutoka kupitia viungo na kukauka. Vikizibwa kwa saruji, maji hutafuta njia ndani ya jiwe lenyewe. Chumvi iliyoyeyuka humo inakauka na kuwa fuwele, inasukuma, na uso wa jiwe unabanduka pamoja na jina la marehemu. Miaka ikipita, saruji imebaki imesimama kama ukingo na jiwe limelika pande zote mbili. Ndipo fundi anaitwa tena, naye anakuja na mfuko mwingine wa saruji!

Klorini nayo huacha chumvi ileile. Burashi ya waya hukwangua herufi na kuacha chembe za chuma zinazoshika kutu. Kuvumwani, yale madoa ya kijivu na manjano, mara nyingi hayana haraka ya kuharibu chochote. Ikiwa lazima msome maandishi, tumieni maji safi na burashi laini, mkianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Jiwe linalobanduka, au linalolia mvungu likigongwa kwa kidole, msiliguse.

Pateni ruhusa ya parokia na ya mamlaka ya mambo ya kale, na mpige picha kila kaburi kabla ya kazi. Kisha mwulizeni fundi yeyote atakayekuja atachanganya chokaa na nini. Akisema mchanga, endeleeni kuzungumza. Akisema ataongeza saruji kidogo ili ishike, tafuteni mwingine.