Foraminifera wa sakafu ya bahari kuu: anza na ukuta, umbo lisubiri

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama orodha moja ya majina inatosha kwa foraminifera (viumbe wadogo wa seli moja wenye ganda) waliotiwa Rose Bengal, rangi ya kutambua walio hai, na kwa visukuku vya chini kwenye mashapo yaleyale, na kwa nini spishi *wuellerstorfi* inakutwa chini ya jenasi tatu tofauti.

Orodha iwe moja. Spishi haibadilishwi jina kwa kuwa imekufa. Njia ya kulifikia jina ndiyo inayotofautiana, na wengi hukwama kwa sababu wanakimbilia umbo. Ganda refu lenye vyumba vilivyopandana utalikuta kwa waliojijenga kwa chembe za mchanga na kwa wa chokaa vilevile. Mimi naanza na ukuta: ni wa chembe zilizogandishwa, au wa chokaa? Kama ni chokaa, ni wa kioo wenye vitundu, au wa kaure usio na vitundu? Kitabu cha Loeblich na Tappan cha 1987, cha uainishaji wa jenasi za foraminifera, kimesimama hapo, na kwa kufika kwenye jenasi bado kinanisaidia kuliko kingine.

Visukuku vina hila yake. Ukuta wa kioo ukianza kuyeyuka, au ukiota chokaa juu yake, hupauka mpaka ukadhani ni kaure. Weka tone la maji kwa ncha ya brashi, ukuze hadubini, uangalie vyumba vya mwisho ambavyo kuta zake ni nyembamba. Vitundu vikijitokeza, ni kioo. Jaribio la asidi usiliamini peke yake, maana wapo wa mchanga wanaotumia chokaa kama gundi, nao watatoa povu pia.

Kwa walio hai, kumbuka Rose Bengal (Walton alianza kuitumia 1952) inapaka protoplazimu (nyama hai ya seli) tu, iwe ya mzima au ya aliyekufa karibuni. Kwenye baridi ya kina kirefu mabaki hayo hudumu wiki kadhaa, hata miezi. Namhesabu hai yule tu mwenye rangi iliyokolea vyumba karibu vyote. Waridi hafifu kwenye chumba kimoja namwacha. *Globobulimina* hana shida, ukuta wake mwembamba unaonyesha kila kitu. *Pyrgo*, wa kaure, ndiye msumbufu: mwanga haupiti, hivyo nachungulia kwenye mdomo wa ganda, na nikibaki na shaka navunja ganda. Chekecheo la mikroni 125 linatosha kulinganisha na wengine, lakini bila la 63 utawapoteza *Epistominella exigua* wengi.

Sasa *wuellerstorfi*. Schwager alimwita *Anomalina* mwaka 1866. Baadaye wengine wakamweka *Planulina*, *Cibicides*, *Cibicidoides*, hata *Fontbotia*. Ndiyo maana jina la Schwager huandikwa ndani ya mabano: jenasi si ile aliyoanza nayo. Chagua moja (mimi natumia *Cibicidoides*) na usiyumbe. Cha maana zaidi ni kumtambua: upande wa mzunguko (ule unaoonyesha mizunguko yote ya vyumba) bapa wenye vitundu vikubwa, vyumba vilivyopinda kama mwezi mwandamo, mishono minene kati ya vyumba. Huyu huishi juu ya tope, kwa hiyo ukimchanganya na wanaojichimbia ndani, isotopu zako za kaboni zitasoma maji ya kwenye tope badala ya maji ya bahari.

Utaambiwa DNA imeshavunja haya yote. Kwa sehemu ni kweli: mpangilio wa Pawlowski na wenzake wa 2013 unawaweka wengi wa mchanga wenye vyumba vingi na wengi wa kioo pamoja kwenye kundi moja, Globothalamea. Ukuta unakufikisha kwenye jina, undugu ni kesi nyingine. Visukuku vyako havina DNA, kwa hiyo ganda ndilo shahidi uliyenaye.

Mambo mawili ya haraka. Komokia (foraminifera dhaifu wa mirija yenye matawi) na wenye ukuta laini husambaratika wakifa, kwa hiyo kuwakosa chini hakumaanishi hawakuwapo. Na kama mashapo yako yanavuka miaka milioni 56 iliyopita, usishushe majina ya leo kwa mazoea: pale zilitoweka spishi kati ya asilimia 30 na 50 za sakafu ya bahari kuu, *Stensioeina beccariiformis* ikiwamo.

Usiyemjua mwandike "sp. A" na umpige picha. Weka hapa zile za *Cibicidoides* zinazokusumbua: upande wa mzunguko, upande wa kitovu, na ukingo. Bila picha ya ukingo hatutafika mbali.