Nguvu za kiume, sukari na kitambi: majibu yenu

*Nina sukari. Mukombero, ule mzizi wa kutafuna, utanirudishia nguvu? (Baba, Lubao)*

Kila wiki swali hili! Aliyekuuzia mzizi hajui sukari yako ikoje. Kapime HbA1c kwanza, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, halafu tuzungumze.

*Nimeambiwa testosteroni yangu, homoni ya kiume, iko chini. Inahusianaje na sukari? (Nyalenda, Kisumu)*

Sana, ndugu yangu, na kiungo ni kitambi. Mafuta yanayozunguka utumbo yana kimeng'enya kiitwacho aromatase, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Mafuta hayo hayo humwaga kemikali za inflamesheni: mwili unapigana kila siku, ingawa huna kidonda wala homa. Kemikali hizo huizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi, tena huufanya ubongo ulegee kuziamuru korodani zitoe homoni. Testosteroni ikishuka, misuli hupungua, kitambi huzidi, sukari hupanda. Takriban mmoja kati ya wanaume watatu wenye kisukari cha aina ya pili hukutwa na testosteroni ya chini. Lakini hukuniambia damu ilitolewa saa ngapi. Kipimo hiki ni cha asubuhi, kabla ya kula, na hurudiwa siku nyingine. Kama kilifanywa alasiri, usikitegemee. Punguza uzito, homoni nayo hupanda.

*Jamaa wa jimu hapa Nakuru wanajidunga testosteroni. Nami nianze? (Miaka 31, sukari imeanza kupanda)*

Unataka watoto? Sindano hiyo huzima mbegu. Wanaoiuza hupenda kutaja utafiti wa Australia wa 2021, uliohusisha wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74. Baada ya miaka miwili, 12% ya waliodungwa homoni walikuwa na kisukari, dhidi ya 21% ya waliodungwa sindano bandia. Hawawaambii kwamba wote waliwekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, wala kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano waliodungwa homoni damu yao ilikuwa nzito kupita kiwango salama. Jimuni nani anakupima damu?

*Naweza kumeza sildenafil (Viagra) na dawa ya moyo ya nitrati?*

Usithubutu. Presha itaporomoka, unaweza kufa. Na zile pakiti za "mitishamba ya wanaume" mara nyingine huwa zimechanganywa sildenafil kisiri.

*Mume wangu ana sukari, ameshindwa kitandani, anasema ni uchovu. (Mama, Bungoma)*

Mama, usikubali. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huziba mapema. Apimwe presha na kolesteroli wiki hii, asingoje mavuno.