Kupeleka Rupia Yako Marekani Ikapangiwe Daraja na Kuirudisha Tanga Bila Ushuru

Wenzangu tunaokusanya sarafu za Mjerumani, yaani rupia na heller zilizotumika huku enzi za ukoloni wake, hapa Tanga huniuliza swali moja kila tukikutana: nitaipelekaje rupia yangu Marekani ikapangiwe daraja, irudi, na forodha wasinitoze? Wengi huja na jibu lao mfukoni. Kuna anayetaka kuandika "zawadi, dola 10" kwenye fomu, na kuna anayetaka kumpa binamu anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya aitume kutokea Mombasa. Njia zote mbili zinakuongezea gharama. Kinachokuepusha na ushuru ni makaratasi unayoandaa siku sarafu inatoka. Siku ya kurudi huna tena cha kuandaa, una cha kuonyesha tu.

Jiweke kwenye kiti cha ofisa wa forodha. Mbele yake pana kifurushi kutoka Florida, kina ankara yenye bei, na jina la mpokeaji ni lako. Atajuaje kwamba kilichomo kilitoka Ngamiani, hapa Tanga, miezi michache nyuma? Kwake huo ni mzigo unaoingia nchini, na mzigo unaoingia hukadiriwa ushuru wake na VAT ya 18% juu. Hajakuonea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata isipopotea, inalipiwa kama mpya.

Kwa asiyejua, kupangiwa daraja ni kazi ya kampuni inayoikagua sarafu, ikathibitisha si bandia, ikaipa alama kati ya 1 na 70, kisha ikaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Kampuni ya NGC na dada yake PMG, anayeshughulikia noti, wako Sarasota, Florida. PCGS wako California, na wana ofisi Paris pia. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani huliamini kasha lile kuliko maneno yako na yangu.

Si kila sarafu inastahili safari hiyo. Heller moja ya shaba utaipata kwa wazee wa Muheza na Pangani kwa bei ya soda. Ukiipeleka, nauli itaimeza. Inayostahili ni ile ambayo bandia zake zimejaa na bei yake imepanda: rupia 2 za fedha za 1893 na 1894, au ile ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora ya 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake, ambayo zilipigwa 16,198 tu katika karakana ya reli kule Lulanguru. (Hiyo ya dhahabu ina mambo yake ya vibali vya madini, kamuulize wakala wako kabla hujaigusa.) Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu na chumvi ing'ae. Sarafu iliyosuguliwa inarudi na maandishi ya kwamba imesafishwa, bila alama, na hela yako imekwenda.

Sasa tuje kwenye thamani, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Fomu ya kampuni inakutaka uandike thamani ya kila sarafu. Tarakimu hiyo ndiyo inayoamua utalipa ada ya kundi gani na bima ya kurudishia itakuwa kiasi gani, na kwa kawaida ndiyo inayokuja kuandikwa kwenye ankara ya kurudi. Aliyeandika dola 10 wakati wa kutoka, kisha kwenye fomu ya kampuni akaandika dola 600 ili bima imlinde, ametengeneza karatasi mbili zinazobishana juu ya meza moja. Ofisa ana haki ya kutoiamini hata moja. Kifurushi kikipotea njiani kabla ya kufika, kampuni ya bima itakulipa hizo 10 ulizoandika kwa mkono wako. Tena kutaja thamani ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na adhabu yake si ya kuchezea kwa ajili ya kipande kimoja cha fedha.

Mimi hutazama bei ambazo sarafu ya aina hiyo, ikiwa haina kasha, imeuzwa minadani karibuni, nachagua tarakimu moja ya wastani, na hiyo hiyo naiandika kila mahali: kwenye hati ya kutoka, kwenye fomu ya kampuni, kwenye bima. Kisha kwenye maelekezo naomba ankara ya kurudi iseme waziwazi kwamba hizi ni sarafu za mkusanyaji zilizopelekwa kukaguliwa, zinarudishwa kwa mwenyewe, hazikuuzwa. Ada ya ukaguzi iwe kwenye mstari wake peke yake. Ikichanganywa na thamani ya sarafu, hutaweza kuzitenganisha baadaye.

Upande wa TRA (Mamlaka ya Mapato), unachotafuta ni kibali cha kutoa mali nje kwa muda. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, mweleze kwamba sarafu itatoka na itarudi ileile, naye ataingiza maombi kwenye mfumo kwa TIN yako (namba ya mlipakodi). Muda wa kibali uombe mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Kampuni hizi zikizidiwa na kazi, wiki hugeuka miezi. Na mwangalie anaandika nini kwenye namba ya ushuru, ile inayotambulisha aina ya bidhaa. Vitu vya wakusanyaji wa sarafu viko kwenye kifungu 9705: vyenye zaidi ya miaka 100 ni 9705.31, vingine ni 9705.39. Nimewahi kumkuta wakala anataka kuandika mapambo ya chuma. Nikamwambia, "Kaka, hii si hereni." Akacheka, akabadilisha. Ungekuwa wewe hujui, lingepita hivyo hivyo.

Kuna jambo ambalo hata mawakala huwa hawalifikirii. Sarafu inatoka ikiwa tupu kwenye bahasha, inarudi imefungiwa ndani ya plastiki na lebo juu. Kwa macho ya mtu asiye wa fani, hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo orodha inayoambatana na maombi isiishie kwenye "rupia moja, fedha, 1". Andika mwaka, herufi ya mahali ilipopigwa, kipenyo na uzito. Mpelekee sonara aipime kwenye mizani yake ya dhahabu. Rupia nzima ya fedha huwa karibu gramu 11.66, na iliyochakaa itapungua kidogo, na upungufu huo ndio alama yako. Piga picha pande zote mbili kwa karibu, mikwaruzo ionekane, kisha picha hizo zigongwe muhuri pamoja na orodha. Siku ya kurudi, ofisa akiingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, mara nyingi ataiona picha ya sarafu ndani ya kasha, ataweka karatasi yako kando yake, na mkwaruzo ule ule kwenye shavu la Kaisari utakutetea kuliko mdomo wako.

Kuhusu njia ya kutumia, posta za dunia zimekataza sarafu na noti kwenye barua zisizo na bima, na kampuni nyingi za vifurushi vya haraka ama hazipokei fedha za aina yoyote ama huzipokea kwa masharti. Uliza kwanza, upate jibu la maandishi. Wa vifurushi watataka anwani ya nyumba na mtaa, S.L.P. peke yake haiwatoshi. Na jua kwamba tangu 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha uliokuwa unapitisha vifurushi vya chini ya dola 800 bila ushuru, kwa hiyo boksi lenye maelezo ya ovyo litasimamishwa kule, na bili itakurudia wewe.

Wa Horohoro nao niwaambie. Ni kweli Kenya na sisi tuko kwenye umoja wa forodha tangu 2005 na sheria yetu ni moja, lakini mpaka bado upo. Sarafu ikitumwa kutokea Mombasa, hati ya kutoka itakuwa ya Kenya na ya jina la binamu, itarudi Mombasa kwa binamu, kisha ivushwe tena kuja Tanga ikiwa na kasha jipya na bila karatasi ya upande huu. Umejipa mipaka miwili badala ya mmoja, na mali kisheria imekuwa na harufu ya mtu mwingine.

Halafu kuna zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo vijana huziokota kando ya magofu ya pwani, Tongoni hapa kwetu au Kaole kule Bagamoyo. Hizo niziache nje ya mazungumzo haya kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda kitu chochote kilichotengenezwa kabla ya 1863, na hakitoki nchini bila kibali cha Mambo ya Kale. Za Mjerumani zinaanzia 1890, ndiyo maana tunapumua.

Mkiwa wakusanyaji kadhaa, mtashawishika kutuma boksi moja kugawana nauli. Inawezekana, ila mtumaji atakuwa mmoja mbele ya TRA na mbele ya kampuni, na wengine wote wamemkabidhi mali. Andikianeni, hata kama mmesoma madrasa moja.

Kifurushi kikikaribia kufika, mtumie wakala faili lote kabla hakijatua, maana ghala linahesabu siku. Wakikukadiria ushuru kama mzigo mpya, usikimbilie kulipa ili uichukue. Kudai hela irudishwe ni safari nyingine. Weka kibali chako mezani, omba makadirio yaangaliwe upya kwa maandishi. Wanaweza kudai kodi kwenye ile ada ya ukaguzi, na hilo mimi silibishii. Na kama umeona alama imetoka nzuri ukaamua kuiuza huko huko mnadani, mwambie wakala abadilishe hati kabla muda wa kibali haujaisha, kwa sababu kwenye mfumo wa TRA sarafu hiyo bado inasubiriwa Tanga.