Fundi Anajibu: Transfa inayolia na kuvuja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, ambayo naitumia kubebea maharage kutoka vijiji vya Kasulu hadi Kigoma mjini. Tangu mvua zilizopita transfa (boksi ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) imeanza kulia kwa sauti nyembamba gari linapochanganya mwendo, kila asubuhi nakuta oili chini, na nikishuka mlima gia ya hai (“high”, ile ya mwendo wa kawaida) huchomoka yenyewe. Fundi mmoja amenishauri ninunue transfa nyingine iliyotumika. Spana na jeki ninazo, na nimewahi kufungua gia boksi. Je, naweza kuijenga upya mwenyewe nyumbani?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kazi hiyo unaiweza. Kwa mtu aliyekwisha kufungua gia boksi, transfa hii haitishi, kwa kuwa ndani yake hakuna mnyororo wala vifaa vya umeme vya kukutatiza. Ni gia, beringi, difu ya kati na uma za kuhamishia gia. Hata hivyo, dalili tatu ulizozitaja si lazima zitokane na ugonjwa mmoja, na nakuomba uzitenganishe kabla ya kulegeza bolti hata moja.

Anza na oili. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na limepoa, fungua kizibo cha kupimia oili ya gia boksi, kisha kile cha transfa. Ikiwa gia boksi imepungukiwa huku transfa ikimwaga oili mara tu unapofungua, sili iliyo kati yake imekufa na oili inahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo kinachodondoka chini huenda ni ziada tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Hilo huyapata sana magari yanayovuka mabonde ya Malagarasi wakati wa mvua, kwa sababu transfa yenye joto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili zilizochoka, hasa pale bomba la kupumulia linapokuwa limeziba. Angalia pia dramu ya handbreki, ambayo kwenye Land Rover imefungwa nyuma ya transfa: ikiwa imelowa oili, sili ya nyuma ndiyo inayovuja, na breki shuu zilizolowa usizirudishe.

Kuhusu gia kuchomoka, tazama kwanza mauntini za injini na za gia boksi, halafu urekebishaji wa vyuma vinavyounganisha rungu la gia na transfa. Mauntini iliyokatika huiruhusu injini kujisukuma mbele na nyuma unapoachia mafuta mlimani, na mtikisiko huo peke yake unaweza kuitoa gia. Nimeona transfa zikifunguliwa zote kwa kosa la mpira wa mauntini. Ikiwa hayo yote ni mazima, basi tatizo liko ndani, kwenye springi inayoishikilia uma au kwenye meno ya kuunganishia yaliyolika.

Ukiamua kuishusha, jambo la kwanza ni usalama. Handbreki ya gari hili hushika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukishaitoa propela huna handbreki kabisa, na hata propela ikiwa mahali pake, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki gari linaweza kuondoka kwa sababu ya difu. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Propela hufunguliwa kwa spana ya 9/16, kwa hiyo usizilazimishe nati zake kwa spana za milimita. Wakati wa kushusha na kurudisha transfa, tafuta bolti ndefu, zikate vichwa, uzifunge kwenye matundu yanayoiunganisha na gia boksi ili ziiongoze. Transfa ni nzito, na ikining'inia kwenye shafti inaharibu sili mpya hata kabla hujawasha gari.

Mara tu inapotoka, angalia meno ya mwisho wa shafti ya gia boksi iliyoingia ndani ya transfa. Meno haya hulika kwa ukavu, na ndiyo chanzo cha ule mlio wa “ko” unapokanyaga na kuachia mafuta. Yakiwa membamba na makali, itabidi gia boksi nayo ifunguliwe. Unapobadilisha gia ya kuingilia, chukua ile yenye tundu la kupitishia oili kwenye meno hayo.

Sauti nyembamba kwa kawaida hutoka kwenye beringi za shafti ya kati, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kazi yako ilipo. Badilisha beringi zote mbili pamoja na vikombe vyake na mipira ya duara ya shafti, kwani uvujaji mwingi wa transfa hizi hupitia hapo. Kati ya beringi kuna bomba fupi la chuma linalominywa nati inapokazwa. Likishaminywa halirudi, kwa hiyo nunua jipya. Kaza nati kidogo kidogo huku ukizungusha gia kwa mkono, mpaka mchezo (kule kulegea) uishe na uzito kidogo usikike. Kwa gia ya kuingilia, funga uzi, uuvute kwa mizani ya springi kama ile ya wauza samaki wa Kibirizi, ulinganishe uzito na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo.

Difu ya kati usiifungue ikiwa haina mchezo. Na kama tundu la shafti ya kati kwenye kasha limepanuka, mpira mpya hautazuia oili. Mpelekee fundi wa kerezo atie bushi.

Ushauri wa kununua iliyotumika si mbaya, ila uwe macho. Transfa ya Defender yako hupunguza mzunguko kwa 1.41 katika gia ya hai, ilhali ya Discovery ni 1.22, na kwa nje zinafanana sana. Ukifunga ya Discovery, gari lenye mzigo litakuwa zito mlimani. Kabla ya kulipa, weka hai, funga difu ya kati, zungusha gia ya kuingilia mara 10, uhesabu upande wa kutokea: ya kwako itazunguka mara 7 hivi, ile nyingine itapita 8.

SWALI: Gasketi za transfa ya Hardtop yangu sizipati hapa. Naweza kupaka silikoni badala yake?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Kwenye mifuniko ya kawaida unaweza, mradi uifute oili yote, upake utepe mwembamba na usubiri ikauke kabla ya kujaza oili. Ikizidi, hujikusanya ndani, ikakatika na kuziba njia za oili. Lakini pale ambapo unene wa gasketi au wa shimu (kibati chembamba cha kurekebishia nafasi) ndio unaoweka nafasi ya beringi, usithubutu. Hapo kata gasketi ya karatasi yenye unene uleule wa ile ya zamani, au usubiri ya kuagiza.