Wape pishi za karafuu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako hapo Chake Chake, Pemba, wanaona kila jedwali linalopanda kwa hatua sawa ni la uwiano, yaani ukigawa namba moja kwa mwenzake jibu ni lile lile kila mstari. Wangu walikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoweka kanuni pembeni nikawapa pishi za karafuu (pishi ni kipimo cha ujazo).

Tuseme mchumaji wa kwanza analipwa shilingi 1,000 kwa pishi: pishi 2 ni 2,000, pishi 4 ni 4,000. Wa pili bei ni hiyo hiyo, ila asubuhi hupewa 2,000 ya chai: pishi 2 ni 4,000, pishi 4 ni 6,000. Waambie wagawe pesa kwa pishi, mstari kwa mstari. Kwa wa kwanza jibu halibadiliki, 1,000. Kwa wa pili linaanza 2,000, kisha linashuka hadi 1,500, kwa hiyo si la uwiano. Hapo waulize: asiyechuma hata pishi moja anaondoka na nini? Swali hili ndilo linalowafungua macho watoto, wallahi.

Grafu usiikimbilie. Mistari yote miwili imenyooka, inapanda sawasawa, lakini wa kwanza tu ndio unaoanzia kwenye sifuri. Waichore wenyewe kwa rula, karatasi moja.