Programu Ikigoma Kuwaka, Usiipe Maktaba Jina la Nyingine

Simu ililia kabla sijamaliza mahamri. Alikuwa mama mmoja mwenye duka la samaki karibu na gati hapa Lamu, mteja wangu wa miaka. Shikamoo yangu aliipokea mbio mbio, akaingia kwenye shida yake: "Marahaba mwanangu, mizani imekufa. Barafu inayeyuka, na boti ya Mokowe hainingoji mimi."

Nilipofika, mizani ilikuwa hai, tarakimu zake nyekundu zinawaka. Kilichokufa ni programu ya kwenye kompyuta, ile inayosoma uzito, kuchapa risiti na kutuma nakala kwa mnunuzi wa Mombasa. Na aliyeiua ni mimi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeipandisha kompyuta kutoka Debian 11 (Debian ni mfumo wa Linux) hadi Debian 12, kisha, kwa kuwa diski ni ndogo, nikaiamuru apt, inayosimamia programu za Debian, ifute mabaki: apt autoremove. Nikaenda kulala nimeridhika.

Sasa kila nikiiita programu, terminali inajibu kwamba libssl.so.1.1 haifunguki. Hiyo ni maktaba, yaani faili la kodi ambalo programu nyingi huliazima: "cannot open shared object file". Nikaangalia /lib, nikakuta libssl.so.3 imekaa zake. Nikajiambia, si ndiyo hiyo hiyo? Nikatengeneza kiungo, yaani faili la jina tu linaloelekeza kwa jingine, chenye jina libssl.so.1.1 kinachoelekea kwenye libssl.so.3. Ushauri huu umejaa mtandaoni, na ndio hasa ulionifanya niandike makala haya. Programu ikaja na kosa jipya: toleo OPENSSL_1_1_0 halikupatikana.

Kuelewa kwa nini kiungo kile kilikuwa upuuzi, lazima ujue kinachopita kati ya kubonyeza Enter na dirisha kufunguka. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, haianzi moja kwa moja na programu yako. Inafungua faili, inasoma baiti 4 za mwanzo (7f, kisha herufi E, L, F), halafu inatafuta humo ndani njia ya msaidizi. Kwenye kompyuta nyingi za biti 64 za Intel na AMD njia hiyo ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Huyo ndiye kiunganishi. Kerneli inawapakia wote wawili kwenye kumbukumbu, kisha inamkabidhi usukani yeye kwanza. Programu yako bado haijatekeleza hata amri moja.

Kiunganishi kinafungua orodha iliyoandikwa ndani ya programu siku ilipokusanywa, yaani kodi yake ilipogeuzwa kuwa faili la kuendeshwa. Mara nyingi orodha ile ni majina matupu, bila folda: libssl.so.1.1, libserialport.so.0, libc.so.6. Ni serahangi aliyepewa karatasi ya mabaharia. Anaita mmoja mmoja, na akikosekana mmoja tanga halipandi. Anapowatafuta ana utaratibu wake. Huangalia kwanza folda zilizotajwa na kigezo cha LD_LIBRARY_PATH, kama kipo. Kisha folda zilizochongwa ndani ya programu yenyewe, ziitwazo RUNPATH. (Kuna ndugu yake mkubwa, RPATH, ambaye hutangulia hata LD_LIBRARY_PATH, mradi RUNPATH haipo. Mkumbuke, atarudi.) Kisha faili la /etc/ld.so.cache, ambalo hutengenezwa na amri ya ldconfig. Mwisho kabisa, /lib na /usr/lib. Kila maktaba ikipatikana, nayo ina orodha yake, na kazi inaendelea hadi wote watimie. Hapo ndipo anwani za funksheni zinaunganishwa, nyingine zikiachwa mpaka siku zitakapoitwa mara ya kwanza. Maktaba zinajiandaa, na hatimaye programu inapewa zamu.

Hakuna mahali kiunganishi kinapokisia. Ile 1.1 na ile 3 si mapambo. Walioandika OpenSSL, mradi ambako libssl inatoka, walibadilisha namba kwa sababu walibadilisha mambo ya ndani, na programu iliyokusanywa kwa ajili ya ya zamani haiwezi kuaminiwa ikiendeshwa na mpya. Zaidi ya jina la faili, funksheni zenyewe zimepigwa muhuri wa toleo. Kiungo changu kilimdanganya serahangi kwenye jina, lakini alipotazama muhuri akakataa. Namshukuru Mungu alikataa. Si kila maktaba ina mihuri hiyo. Isiyo nayo ingekubali, programu ikawaka vizuri, kisha ikaanguka katikati ya kupima kamba, au ikachapa uzito wa uongo kwenye risiti. Mama yule nisingemtazama usoni tena.

Boti haingoji, kwa hiyo nikakimbilia kwangu Langoni, ambako nina kompyuta nyingine iliyobaki na Debian 11. Nikanakili kwenye flashi libssl.so.1.1, mwenzake libcrypto.so.1.1 na, kwa kujihadhari, libstdc++.so.6. Kurudi nikabanwa ukutani na msafara wa punda wa mawe ya kujengea, na kwenye uchochoro wa Lamu punda ndiye mwenye haki ya njia. Nikaweka mafaili kwenye /opt/mizani/lib, nikaandika LD_LIBRARY_PATH ndani ya ~/.profile, faili linalosomwa kila mtu anapoingia, nikaanzisha kompyuta upya. Programu ikawaka. Samaki wakapimwa, boti ikaondoka nao.

Kesho yake simu tena. LibreOffice, programu yake ya nyaraka, haifunguki.

Kigezo kile hakikujua kwamba nilikikusudia programu moja tu. Kila kilichowashwa baada ya hapo kilitazama kwanza folda yangu, na LibreOffice ikaokota libstdc++ ya zamani badala ya mpya ya Debian 12. Jina ni moja, libstdc++.so.6, ila ya zamani haina baadhi ya mihuri inayotakiwa. Kigezo hiki kitumie kwa kujaribu, kwenye amri moja, mbele ya jina la programu, basi. Ukikiweka kwenye ~/.profile umetega mtego na utaukanyaga mwenyewe.

Nikakifuta, na ile libstdc++ nikaitupa, kwani haikuhitajika tangu mwanzo. Nikachukua patchelf, zana ya kurekebisha faili la programu, nichonge njia ndani ya programu yenyewe: patchelf --set-rpath '$ORIGIN/lib' /opt/mizani/mizani. Hilo neno $ORIGIN maana yake ni folda ambamo programu imo. Usisahau alama za nukuu moja moja, la sivyo terminali italimeza na utabaki na /lib tupu.

Kisha nikapoteza saa nzima. libssl ikapatikana, lakini libcrypto.so.1.1 eti haipo, na zote mbili ziko folda moja! Nilipochoka kukisia ndipo nikakiuliza kiunganishi chenyewe:

LD_DEBUG=libs ./mizani

Kinamwaga kila folda kilichoingia, kinamtafuta nani, kwa agizo la nani. Nikaona wazi: programu iliomba libssl peke yake, na libssl ndiyo iliyoomba libcrypto. Lakini RUNPATH ya programu inahudumia maombi ya programu yenyewe tu, haiwarithishi maktaba wake. RPATH ya kale ndiyo hurithisha. Dawa ni mbili: umlazimishe patchelf aandike RPATH kwa --force-rpath, au uichonge libssl nayo kwa '$ORIGIN'. Nilichagua ya pili. Ikawaka, na LibreOffice ikabaki salama.

Nikwambie ukweli, hiyo ilikuwa plasta. OpenSSL 1.1.1 waliacha kuitunza Septemba 2023, na programu inayotuma hesabu za watu mtandaoni haifai kuishi juu yake. Niliwaandikia vijana walioitengeneza waikusanye upya kwenye Debian 12. Walipoleta, folda ya lib nikaifuta siku hiyo hiyo.

Kosa moja nalitaja kwa kuwa linafanana na hili na limewahi kunisumbua kwenye programu ya printa: faili unaliona kwa ls, lina ruhusa zote, lakini ukiliendesha unaambiwa "No such file or directory". Kisichopatikana si faili hilo, ni kiunganishi chake. Ilikuwa programu ya biti 32, ikimtaka /lib/ld-linux.so.2, na kompyuta ya biti 64 haikuwa naye. Endesha readelf -l, amri inayosoma faili la programu bila kuliwasha, uone inamtaka nani.

Kwa faili usilolijua asili yake, usitumie ldd, amri inayoonyesha maktaba zinazohitajika na zilipopatikana. Wakati mwingine huliendesha kweli. readelf -d inakupa orodha ya majina bila kuwasha chochote.

Na ile autoremove? Haikukosea. apt inawajua waliopita mlangoni kwake tu, na programu ya mizani ililetwa kwa flashi ikawekwa /opt. Hakuna aliyeiambia apt kwamba humo kuna mtu bado anaitegemea libssl1.1. Siku hizi kabla ya kufuta, na tena baada ya kufuta, napitisha ldd kwenye kila kilichomo /opt na kutafuta "not found". Inachukua dakika moja, na mama wa samaki huwa amesimama nyuma yangu na daftari lake la penseli mkononi.