Kwa mnaoanza kuongoza ziara ya wizi wa sanaa: anzeni na mwizi ila msiishie kwake

Nyie mnaoanza kazi ya kuongoza wageni makumbusho na mmepangiwa ile ziara ya wizi wa sanaa, kwanza hongereni, mmepata ziara tamu kuliko zote. Ila ndo rahisi kuliko zote kuiharibu. Wageni wanakuja vichwa vimejaa sinema, jamaa kavaa nyeusi ananing'inia kwenye kamba anakwepa miale myekundu, na wewe ukiwapa hicho hicho saa nzima watacheka, watapiga makofi, wataondoka bila kujua kitu. Ushauri wangu wote ukiukamua unabaki hivi, mwizi ni wa kuwaitia watu mlangoni tu, ukishawaingiza ndani fuata kitu chenyewe: kilitoka wapi, kilichukuliwaje, kimepita mikono ya nani, leo kiko wapi na kwa haki gani.

Anzeni na Mona Lisa. Msijifanye wajanja mkaikwepa eti kila mtu anaijua, watu wanajua iliibiwa, basi, wameishia hapo. Wape stori yenyewe. Jumatatu tarehe 21 Agosti 1911, makumbusho ya Louvre kule Paris yamefungwa kwa wageni, Vincenzo Peruggia, fundi wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi humo humo na kushiriki kutengeneza makasha ya vioo ya kulindia picha, yuko ndani kavaa koti jeupe kama mafundi wengine. Anaishusha picha ukutani, anaenda nayo kwenye ngazi za nyuma, anaichomoa kwenye fremu, anafika chini mlango umefungwa, anang'oa kitasa, mlango bado haufunguki, na anayekuja kumfungulia ni fundi bomba wa hapo hapo aliyedhani ni mwenzake wa kazi. Hapo nyamaza kidogo uwaache wacheke. Halafu wape sehemu ambayo mi naona ndo roho ya stori: pengo limebaki ukutani na hakuna aliyeshtuka mpaka Jumanne, mchoraji Louis Béroud alipokuja kuchora pale akauliza picha iko wapi, na jibu likawa itakuwa imepelekwa kupigwa picha. Yaani mfumo wa kumbukumbu ulikuwa mbovu kiasi kwamba kutokuwepo kwa picha kulionekana jambo la kawaida. Baadaye watu wakapanga foleni kuja kuangalia ukuta mtupu.

Kitu kimoja cha kufanya kwa mikono: wapimie ukubwa hewani, sentimita 77 kwa 53, halafu waambie imechorwa kwenye ubao, siyo kitambaa. Kila kundi lina mtu anayeamini jamaa aliikunja kama mkeka akaondoka nayo kwapani. Ubao haukunjiki, aliifunika na lile koti lake.

Na hapa muwe makini na chumvi. Kuna wanaosimulia kwamba alijificha kabatini usiku kucha, ila mwenyewe aliwaambia polisi aliingia asubuhi na wafanyakazi wengine, kwaiyo ukisimulia moja simulia na ya pili. Kuna na ile ya tapeli wa Argentina aliyeagiza picha iibiwe ili auze nakala feki sita kwa matajiri, stori tamu balaa, ilitoka gazetini huko Marekani miaka ya 1930 na hakuna ushahidi wowote unaoishika mkono. Mgeni akiileta usimuaibishe, mwambie tu ilianzia wapi.

Sasa Peruggia ndo daraja lako la kuvukia. Alikaa na picha Paris zaidi ya miaka miwili, Desemba 1913 akaipeleka Florence kwa muuza sanaa Alfredo Geri, akakamatwa, na utetezi wake ukawa kwamba anairudisha Italia mali iliyoporwa na Napoleon. Kwa picha hiyo alikosea, Leonardo da Vinci aliyeichora alienda nayo mwenyewe Ufaransa na ikaishia kwa mfalme Francis wa Kwanza, karibu miaka 300 kabla Napoleon hajajulikana. Lakini usimcheke ukaishia hapo! Kwa ujumla wake alichosema kina ukweli, Napoleon alisomba sanaa ya Italia kwa mikokoteni. Farasi wanne wa shaba wa kanisa la Mtakatifu Marko kule Venice walibebwa 1797 wakapelekwa Paris, wakarudishwa 1815. Halafu mgeni anapumua, haki imetendeka, ndo unamwambia hao farasi Venice yenyewe iliwapora Constantinople mwaka 1204, wakati wa ile vita ya msalaba ya nne. Ukifika hapo sura za watu zinabadilika, wanaanza kuuliza maswali ya maana, na kuanzia hapo ziara inakuwa nyepesi kuiongoza.

Swali ambalo hamtalikwepa: sasa wanaiba wakauze wapi? Jibu la kweli ni kwamba picha maarufu haiuziki kirahisi, kila mnunuzi wa maana anaijua, na yule bilionea wa siri anayeificha chumba cha chini akiiangalia peke yake ni wa kwenye sinema zaidi. Wengine wanategemea kudai fidia kwa wenye mali au bima, wengine wanaitumia kama dhamana kwenye biashara zao za kihalifu, au wanaishikilia wakikamatwa kwa kesi nyingine waitoe wapunguziwe kifungo. Na wengine hawakufikiria kabisa, waliona dirisha bovu wakaingia. Oslo tarehe 12 Februari 1994, siku Norway inafungua Olimpiki ya baridi, jamaa waliweka ngazi, wakavunja dirisha, wakachukua The Scream, ile picha maarufu ya mchoraji Munch, na kuacha ujumbe wa kushukuru kwa ulinzi mbovu. Ilipatikana baada ya miezi kama mitatu.

Vito ni habari nyingine, na mtaulizwa sana kuhusu Louvre ya Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, kwaiyo jipangeni. Asubuhi kweupe, lori lenye ngazi ya kupandishia samani, dirisha la ukumbi wa Galerie d'Apollon, dakika chache tu, vito vilivyokadiriwa euro milioni 88 vimeondoka na taji la malkia Eugénie limedondoshwa njiani. Tofauti mnayotakiwa kuieleza ni kwamba picha ina sura yake, ukiikata haina kazi tena, wakati dhahabu inayeyushwa na jiwe linakatwa upya na hapo historia yote imekufa. Wapelelezi wanakimbizana na muda kuliko kwenye picha.

Makumbusho ya Gardner ya Boston nayo lazima mtayagusa. Tarehe 18 Machi 1990 usiku, wawili wamevaa kipolisi wakafunguliwa mlango, wakawafunga walinzi, wakakaa ndani dakika 81 wakatoka na vitu 13, ikiwemo picha ya mchoraji Vermeer na mandhari pekee ya baharini tuliyonayo ya mchoraji Rembrandt, ambayo waliikata kwenye fremu kwa kisu. Hakuna hata kimoja kilichorudi mpaka leo, zawadi ya dola milioni 10 bado ipo. Wageni wote wana mshukiwa wao na watataka wa kwako. Usiwe naye! Kuna watu hawajawahi kushtakiwa, na wewe umevaa beji ya taasisi. Badala yake wapeleke kwenye zile fremu tupu zinazoning'inia mpaka sasa kwa sababu wosia wa mwenye jumba ulikataza mpangilio kubadilishwa, halafu waulize wangefanya nini kama ni wao, wangezitoa au wangeziacha. Hapo watajadiliana wenyewe na wewe unapumzisha koo.

Kuna kipande ambacho wapya wengi wanakiruka kwa woga na mi naona ndo kitovu cha ziara nzima. Wizi mkubwa kabisa wa sanaa haukufanyika usiku na haukuhitaji kofia ya kuficha uso, ulifanywa na majeshi, mchana, na orodha zikaandikwa. Februari 1897 Waingereza waliivamia Benin, katika Nigeria ya leo, wakaichoma ikulu ya Oba, yaani mfalme wa Benin, na kubeba maelfu ya kazi za shaba na pembe za ndovu, zikauzwa na kutawanyika Ulaya na Marekani. Chukueni bamba moja la shaba tu mlieleze taratibu, kwamba yale mabamba yalikuwa yamepigiliwa kwenye nguzo za ikulu yakionyesha Oba na watu wake, kwaiyo ukiona tundu la msumari pembeni unaangalia mahali lilipopigiliwa kwenye nguzo. Tundu hilo linafanya kazi kuliko hotuba. Kisha semeni yanayoendelea: mwaka 2022 Ujerumani ilianza kukabidhi umiliki kwa Nigeria, makumbusho ya Horniman ya London yakakabidhi umiliki wa vitu 72 mwaka huo huo, wakati British Museum inabanwa na sheria yao ya 1963 inayozuia kutoa vitu kwenye makusanyo. Na msisahau vigango vya Wamijikenda, ile miti inayochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu na ambayo haitakiwi kuhamishwa hata ikioza. Vimeibwa vingi, vikauzwa kama mapambo, na makumbusho kadhaa Marekani yameshavirudisha. Mgeni mmoja atasema "lakini kule vilitunzwa vizuri", mpo? Msibishane naye, muulizeni tu kigango kilichokusudiwa kuoza kimetunzwa kwa faida ya nani.

Uporaji wa Wanazi unatosha ziara yake peke yake kwaiyo humu chagueni mtu mmoja, na mimi huwa nambeba Rose Valland. Alikuwa akifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Jeu de Paume pale Paris, Wajerumani walipogeuza jumba kuwa ghala la sanaa iliyoporwa kwa Wayahudi, hawakujua anaelewa Kijerumani, na kimyakimya akawa anaandika kila sanduku linakwenda wapi. Kumbukumbu zake zilirudisha maelfu ya vitu.

Watu wakianza kuchoka, na watachoka, toeni stori ya picha ya mchoraji Goya. Tarehe 21 Agosti 1961, miaka 50 kamili baada ya Mona Lisa, picha ya Duke wa Wellington iliibwa National Gallery London, barua za madai zikawa zinataka hela za kuwalipia wazee ada ya televisheni. Mzee Kempton Bunton akajisalimisha 1965, na mahakama ikamtia hatiani kwa kuiba fremu tu, maana picha ilirudi na fremu haikurudi! Sheria ya Uingereza ilibadilishwa 1968 kuziba tundu hilo. Inachekesha na inafundisha, dakika tatu zinatosha.

La ulinzi nalisema haraka. Kamera ziko wapi, walinzi wanabadilishana saa ngapi, kioo hiki kina unene gani, hayo hayajibiwi hata kama anayeuliza ni bibi na mjukuu. Tabasamu, sema hilo siliongelei, endelea. Anayerudia swali hilo hilo kwa namna tofauti, wajulisheni sekuriti bila kumtangazia.

Na bei, jamani, punguzeni bei. Ukitaja mamilioni kila baada ya hatua tano, kundi linaacha kuangalia vitu linaanza kuangalia hela. Itaje panapohitajika tu, kama pale kwenye vito.

Mwishoni wakishatawanyika kuna mmoja atabaki nyuma, atakunong'oneza kwamba nyumbani wana kinyago au sanamu ambayo babu alitoka nayo mahali fulani zamani. Msikilize, usimhukumu, usimsafishe. Mwelekeze kwenye ID-Art, programu ya bure ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, inayomwezesha kupekua orodha yao ya vitu vilivyoripotiwa kuibwa, zaidi ya 50,000, ila mwambie wazi kwamba kitu kutokuwepo kwenye orodha hakumaanishi ni halali, maana walioporwa miaka mia iliyopita hawakuwa na pa kuripoti. Mpe mawasiliano ya watu wenu wa makusanyo, apige picha mbele na nyuma, akusanye barua na risiti zozote za huyo babu. Akikuuliza kitakuwa na thamani gani mwambie hilo siyo la kwako kujibu.